Nukta Iliyo Kiooni: Uhakiki wa Istilahi za Vilengeo vya Bastola na Bunduki

1. Utangulizi

Zipo fani ambazo istilahi mbovu huleta aibu tu, na zipo nyingine ambazo istilahi mbovu huweza kuleta msiba. Mfasiri wa kitabu cha upishi akikosea jina la chombo, hasara yake haizidi chapati zilizoungua. Lakini mfasiri wa maelekezo ya silaha, au karani anayeandika ushahidi mahakamani, akikosea jina la kifaa, huenda mtu akapoteza jicho, au uhuru wake, au maisha yake.

Makala haya yanakusudia kuchambua majina ya kifaa kimoja kidogo kinachofungwa juu ya bastola au bunduki ili kumsaidia mtumiaji kulenga. Kifaa chenyewe ni kile ambacho, mtu akitazama ndani ya kioo chake, huona nukta ya mwanga, aghalabu nyekundu, ikielea juu ya kitu anachokilenga. Tutakilinganisha kifaa hiki kinavyokuwa juu ya bastola na kinavyokuwa juu ya bunduki, kisha tutauliza swali lifuatalo: je, tofauti zilizopo zinastahili majina mawili, au jina moja lenye vifafanuzi?

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakashangaa kwamba jarida la istilahi linajishughulisha na vyombo vya namna hii. Jibu letu ni kwamba lugha haichagui mambo ya kuitwa. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho ya sheria yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu hapo, kila kielelezo kinachowekwa mezani mbele ya hakimu hakina budi kuwa na jina la Kiswahili, na jina hilo halina budi kusema kweli. Mtu akishtakiwa kwamba alikutwa na bunduki yenye "darubini", msikilizaji huwaza kwamba alikusudia kupiga kutoka mbali. Akishtakiwa kwamba alikuwa na "leza", wakili wake atamwuliza shahidi kwa nini hakuiona nukta nyekundu kifuani mwa aliyelengwa. Na shahidi aliyesema kweli tupu ataonekana mwongo, kwa sababu tu jina la kifaa lilidanganya. Basi jambo hili si la mafundi wa silaha peke yao.

2. Kifaa kinavyofanya kazi

Hatuwezi kuhakiki jina kabla ya kukijua kitu. Kanuni ya kifaa hiki ilielezwa mwaka 1900 na Sir Howard Grubb, mtengenezaji wa darubini za kutazamia nyota aliyekuwa Dublin, nchini Ireland. Baadaye kanuni hiyo ilitumika sana katika ndege za kivita, hasa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ilichukua muda mrefu kuingia katika silaha za mkononi, kwani taa za zamani zilikuwa kubwa na zilikula umeme mwingi. Mwaka 1975 kampuni ya Aimpoint ya Sweden ilitoa kifaa cha kwanza cha aina hii kilichotumia diodi itoayo mwanga. Na diodi hiyo, kwa udogo wake na uchache wa umeme inaoutaka, ndiyo iliyofungua njia.

Ndani ya kifaa kuna diodi ndogo iliyowekwa kwenye fokasi ya kioo kilichobonyea. Kioo hicho kimepakwa tabaka jembamba sana linaloakisi mwanga wa rangi ya diodi na kuupitisha mwanga wa rangi nyinginezo. Kwa hiyo mtazamaji huona mambo mawili kwa pamoja: mandhari iliyo mbele yake, ambayo hupenya kioo, na nukta ya diodi, ambayo huakisiwa na kioo hicho hicho. Na kwa kuwa diodi iko kwenye fokasi, miale yake huakisiwa ikiwa sambamba. Jicho nalo, likipokea miale sambamba, hudhani kwamba nukta iko mbali sana, mahali pale pale palipo na kitu kinacholengwa.

Kutokana na kanuni hiyo yafuata mambo matatu, na yote matatu yana uzito katika uchaguzi wa jina.

Kwanza, kifaa hakikuzi. Kitu kilicho umbali wa mita 100 huonekana kwa ukubwa ule ule kinavyoonekana kwa macho matupu.

Pili, kifaa hakitupi mwanga kwenye kinacholengwa. Nukta iko katika jicho la mlengaji na katika kioo chake, basi. Uthibitisho mmojawapo ni huu: mtu mwenye kasoro ya jicho iitwayo astigmatizimu haioni nukta ikiwa duara safi, bali huiona kama nyota au kama mkia uliotawanyika. Akimpa silaha mwenziwe mwenye macho mazima, nukta ile ile huwa duara.

Tatu, jicho halilazimiki kukaa mahali pamoja. Likisogea kidogo kushoto au kulia, juu au chini, nukta husogea ndani ya kioo lakini hubaki juu ya kinacholengwa. Kwa umbali mfupi huwako kosa dogo la mhamo, ambalo wanafizikia huliita paralaksi, ila si la kumsumbua mtumiaji wa kawaida. Wala umbali wa jicho na kioo hauna sharti: kifaa kikiwa sentimita chache kutoka usoni au mkono mzima mbele ya uso, nukta huonekana vile vile.

Jambo hili la tatu ndilo kiungo cha mjadala wetu. Ni kwa sababu yake kwamba kifaa kimoja huweza kukaa juu ya bunduki, ambayo huegemezwa begani na shavuni, na pia juu ya bastola, ambayo hushikwa mbali na uso kwa mikono iliyonyooshwa.

3. Majina yanayoshindana

(a) Darubini. Hili ni neno zuri na kongwe, tulilolirithi kutoka Kiajemi, na maana yake ya asili ni "kionambali". Uzuri wake ndio kasoro yake hapa. Darubini huvuta mbali kukaja karibu. Kifaa tunachokizungumzia hakivuti chochote. Aidha, darubini ya bunduki hulitaka jicho likae umbali maalumu nyuma yake, kwa kawaida sentimita zisizozidi kumi, au mandhari hugeuka giza. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba chombo chake ni darubini atalisogeza jicho karibu na kioo bila ya haja. Na akifanya hivyo kwa bastola, kitelezo kikirudi nyuma kwa kishindo, kitaurudia uso wake. Neno darubini libaki kwa vile vinavyokuza.

(b) Leza. Neno hili limekwisha kutoholewa na kukubalika, nasi hatuna ugomvi nalo mahali pake. Kuna vifaa vya kulengea vinavyotupa mwali wa leza hadi kwenye kinacholengwa, na nukta yake huonekana na kila aliyeko, hata na yule anayelengwa. Vifaa hivyo na hiki chetu vimepishana kama taa ya barabarani na picha iliyo kiooni. Kuvichanganya ni kosa kubwa kuliko yote tunayoyajadili, na ndilo rahisi kutendeka, kwa kuwa vyote viwili vina "nukta nyekundu". Msomaji ataweza kuuliza: je, vile vilengeo vya hologramu vilivyoanza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1990 havitumii leza? Vinaitumia, naam, lakini ndani tu, kuiangazia hologramu iliyofichwa katika kioo. Nje haitoki kumwendea mtu. Kwa hiyo hata hivyo navyo visiitwe leza, bali viitwe vilengeo vya hologramu.

(c) Saiti. Huu ni utohozi wa neno la Kiingereza kwa sauti, na pengine askari wengi huutumia katika mazungumzo. Utohozi si dhambi. Tatizo ni kwamba kiti hiki kimekwisha kukaliwa. Fundi wa ujenzi akisema "niko saiti", hakuna Mswahili asiyeelewa kwamba yuko penye nyumba inayojengwa. Kulipa neno hilo maana ya pili, tena katika fani ya hatari, ni kuzalisha utata pasipo sababu, na hali lugha ina mzizi wake wa kutosha.

(d) Shabaha. Wapo wanaopenda majina marefu yanayojengwa juu ya neno hili. Sisi twaona kwamba shabaha imebebeshwa mizigo mingi: ni kitu kinacholengwa, ni ustadi wa kulenga, kwani husemwa "fulani ana shabaha", na ni nia au kusudi kwa jumla. Neno lenye maana tatu katika sentensi moja ya maelekezo litamkwaza msomaji. Linafaa sana katika michezo, tusemapo mashindano ya kulenga shabaha, lakini si shina zuri la istilahi za sehemu za silaha.

(e) Nukta nyekundu. Hapa pana tafsiri sisisi ya jina la kibiashara. Kasoro zake ni tatu. Kwanza, hutaja sehemu na kuacha kitu kizima: nukta haifungwi kwa skurubu, kifaa ndicho kinachofungwa. Pili, hutegemea rangi, na rangi si ya lazima. Vipo vifaa vya namna hii vyenye nukta ya kijani, na vingine vyenye nukta ya rangi ya kaharabu. Mtu ataandika "nukta nyekundu ya kijani" na kuwachekesha watoto wa shule. Tatu, ni hilo hilo la leza: kwa kuwa jina halisemi nukta iko wapi, msikilizaji huiweka kifuani mwa mtu. Wengine hubadili nukta wakasema doa. Hilo ni baya zaidi, kwani doa kwa Mswahili ni uchafu au aibu, na hakuna aliye tayari kulenga kwa aibu.

(f) Kilengeo. Hili ndilo jina tunalolitetea. Limeundwa kwa njia ambayo Kiswahili kimeizoea: kitenzi lenga, kikapewa kauli ya kutendea, lengea, kisha kikafanywa jina la chombo kwa kiambishi ki- na irabu -o, kama funika ilivyozaa kifunikio na fungua ikazaa kifungulio. Faida yake kubwa ni ukoo wake. Anayelenga ni mlengaji. Kinacholengwa ni kilengwa. Kinacholengewa ni kilengeo. Maneno matatu ya shina moja yanagawana kazi ambazo shabaha imezibeba peke yake. Tena huzaa bila taabu: kilengeo cha mbele na kilengeo cha nyuma, kwa vile vya chuma vilivyo juu ya mtutu tangu zamani, kilengeo cha darubini, kilengeo cha leza, kilengeo cha hologramu, na kifaa chetu, kilengeo cha nukta.

Yupo atakayesema kwamba "kilengeo cha nukta" nacho hakisemi nukta iko wapi. Hoja hiyo ni ya kweli kwa nusu. Hatukukubali "kilengeo cha kioo", kwa sababu darubini nayo ni ya vioo, na tena kwa sababu historia inakataa. Katika shambulio la Wamarekani huko Son Tay, Vietnam, mwaka 1970, vilitumika vilengeo vya nukta ambavyo havikupenyeka kabisa kwa macho: jicho moja liliona nukta katika bomba lililozibwa, jicho la pili liliona kilengwa, na akili ikaunganisha. Nukta ndiyo sifa ya kudumu. Kioo ni njia tu. Kinacholinda maana hapa ni upinzani wa majina mawili yakisimama pamoja: penye kilengeo cha leza, mwanga hutoka, penye kilengeo cha nukta, mwanga hubaki. Upinzani huo haukamiliki bila fasili, nasi tutalirudia jambo hilo mwishoni.

4. Bastola na bunduki: tofauti gani inastahili jina?

Sasa tuvilinganishe. Katika makala haya tunasema bunduki tukikusudia silaha yenye kitako cha kuegemeza begani, na bastola tukikusudia ile ishikwayo kwa mikono pasipo kuegemezwa.

Juu ya bunduki, kilengeo hufungwa kwenye reli iliyo mgongoni mwa silaha, mahali ambapo, hata risasi inapotoka, hapaendi mbele wala nyuma peke yake. Shavu la mlengaji hukaa juu ya kitako, na jicho huja mahali pale pale kila mara. Kwa hiyo kilengeo huweza kuwa bomba lenye uzito wa kutosha, lenye betri ya kudumu, na nukta ndogo. Nukta ya dakika 2 za pembe ni ya kawaida. Jeshi la nchi kavu la Marekani lilipochagua kilengeo cha Aimpoint mwaka 1997 kiwe cha askari wake wa kawaida, lilithibitisha kwamba kifaa kilichoanza kama cha wawindaji na wanamichezo kimekuwa cha kazi.

Juu ya bastola, hali ni nyingine. Kilengeo hufungwa juu ya kitelezo, yaani kile kipande cha juu kinachokimbia nyuma na kurudi mbele kila risasi inapopigwa. Kilengeo hukimbia pamoja nacho. Diodi, betri, skurubu na kioo hupata mishtuko ambayo kilengeo cha bunduki hakiijui. Zaidi ya hayo, uzito wowote unaoongezwa juu ya kitelezo huingilia mwendo wake, na bastola nyepesi ikilemewa huweza kukwama. Ndiyo sababu vilengeo vya bastola hutengenezwa vidogo mno. RMR ya kampuni ya Trijicon, iliyotolewa mwaka 2009, ina uzito wa gramu 34 hivi, ilhali Micro T-1 ya Aimpoint ya mwaka 2007, ambayo ni ndogo miongoni mwa vile vya bunduki, ina gramu 84 bila kishikio chake.

Udogo huo umeleta tofauti ya umbo. Vingi vya bastola viko wazi: diodi imekaa nyuma ya kioo kimoja, na kati yao ni hewa tupu. Matone ya mvua, matope au vumbi yakiiziba diodi, nukta hupotea au hutawanyika. Vya bunduki aghalabu vimefungwa pande zote kama bomba, na mchafuko wa nje huishia kwenye kioo cha nje, ambacho hufutwa kwa kitambaa. Lakini mwaka 2019 Aimpoint ilitoa ACRO, kilengeo cha bastola kilichofungwa pande zote, chenye gramu 60 hivi. Na toleo lake la pili, kwa maelezo ya watengenezaji, huenda kwa betri moja muda wa saa 50,000, yaani zaidi ya miaka mitano pasipo kuzimwa. Hapo mpaka uliodhaniwa kuwa kati ya bastola na bunduki ulivunjika.

Tofauti nyingine ni ya ukubwa wa nukta. Mwenye bastola hana kitako cha kumwongoza. Jicho lake huitafuta nukta ndani ya dirisha dogo lililo mbali na uso, na anayeanza huikosa mara nyingi, akaichezesha bastola juu na chini kama mtu atafutaye mawimbi ya redio. Nukta kubwa humsaidia kuiona upesi. RMR imeuzwa yenye nukta za dakika 3.25 na dakika 6.5. Nukta ya dakika 6.5 kwa mita 10 hufunika sentimita 2 hivi tu, na haidhuru kitu. Lakini kwa mita 100 hufunika karibu sentimita 19, na mwenye bunduki ataona kilengwa chake kimemezwa.

Je, tofauti hizi zinatudai tuseme "kilengeo cha bastola" na "kilengeo cha bunduki" kana kwamba ni aina mbili? Orodha nyingi za wauzaji hufanya hivyo, na mfasiri huona raha kufuata. Sisi twakataa. Vilengeo vidogo vya RMR na ACRO hufungwa pia juu ya bunduki, pengine ubavuni mwa darubini ili kutumika kwa kilengwa kilicho karibu. Kifaa hakibadiliki jina kwa kuhama nyumba. Ofisa wa forodha akiandika kwamba kilichomo sandukuni ni "kilengeo cha bastola", atakuwa amedai kuwako kwa bastola ambayo hakuiona. Tofauti zilizo ndani ya kifaa chenyewe, yaani wazi au kufungwa, ndizo zinazostahili kuingia katika istilahi. Tofauti ya mahali kilipofungwa iachiwe sentensi: "kilengeo cha nukta kilichofungwa juu ya bastola".

5. Sehemu, vipimo na matendo

Hapo juu tumetumia maneno kadhaa ambayo yanahitaji kutetewa.

Kitelezo kimetokana na teleza. Wengine husema slaidi, lakini slaidi imekwisha kuchukuliwa na picha zinazoonyeshwa ukutani darasani na mikutanoni. Reli, kwa upande wake, tunaikubali ijapokuwa ni mkopo na ni jina la njia ya treni, kwani maana mbili hizo zinafanana umbo: pande zote mbili ni chuma kirefu ambacho kitu hukaa juu yake na kusogezwa. Kukopa ambako mfano wake unaonekana kwa macho hakumpotezi mtu.

Dakika ya pembe ni kipimo cha pembe, sehemu ya 60 ya uzi mmoja wa duara. Wasiwasi kwamba itachanganywa na dakika ya saa hauna msingi, kwa sababu walimu wa jiografia wamekuwa wakiitaja katika nyuzi za latitudo na longitudo kwa miaka mingi. Kwa umbali wa mita 100, dakika moja ya pembe ni sawa na milimita 29. Tunashauri kifafanuzi "ya pembe" kisiachwe mara ya kwanza katika kila andiko.

Lililo gumu zaidi ni tendo la kurekebisha kilengeo hadi nukta na risasi vikutane mahali pamoja kwa umbali uliochaguliwa. Wafuatao Kiingereza hupenda kusema "kupiga sifuri" au "kuweka sifuri". Maneno hayo hayamwambii Mswahili lolote, na la kwanza lafanana na habari ya mwanafunzi aliyeshindwa mtihani. Tunapendekeza kusawazisha kilengeo, na nomino yake usawazishaji.

Neno hili pia lina jambo la hatari ndani yake, linaloonyesha tena tofauti ya silaha zetu mbili. Katika bunduki nyingi za ukoo wa M16, kilengeo hukaa karibu sentimita 6.5 juu ya mstari wa mtutu. Bunduki iliyosawazishwa kwa mita 50, ikipigwa kwa mita 5, risasi yake itapita karibu sentimita 6 chini ya nukta. Katika bastola kilengeo kiko chini zaidi, karibu na mtutu, na tofauti hiyo ni ndogo. Askari aliyezoea bastola, akipewa bunduki na kuambiwa tu kwamba "risasi huenda penye nukta", ataipiga kingo ya ukuta aliojificha nyuma yake, au atampata asiyemkusudia. Sentensi sahihi ya mafunzo ni hii: risasi huenda penye nukta kwa umbali uliosawazishiwa. Kiswahili kinayo kauli ya kutendea ya kulisema jambo hilo kwa neno moja. Ni hasara kutoitumia.

6. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza istilahi zifuatazo pamoja na fasili zake.

Kilengeo: sehemu ya silaha, au kifaa kinachofungwa juu yake, kinachomwezesha mlengaji kuielekeza silaha kwenye kilengwa.

Kilengwa: kitu kinacholengwa.

Kilengeo cha nukta: kilengeo kisichokuza, kinachomwonyesha mlengaji peke yake nukta ya mwanga juu ya kilengwa, pasipo kutupa mwanga kwenye kilengwa hicho.

Kilengeo cha nukta cha wazi: kilengeo cha nukta ambacho hakuna kizuizi kati ya diodi yake na hewa ya nje.

Kilengeo cha nukta cha kufungwa: kilengeo cha nukta ambacho diodi yake imo ndani ya bomba au sanduku lililozibwa kwa vioo pande mbili.

Kilengeo cha leza: kilengeo kinachotupa mwali wa leza hadi kwenye kilengwa.

Kilengeo cha darubini: kilengeo kinachokuza.

Kitelezo: kipande cha juu cha bastola kinachokwenda nyuma na mbele risasi inapopigwa.

Kusawazisha kilengeo: kurekebisha kilengeo ili alama yake na pigo la risasi vikutane kwa umbali uliochaguliwa.

Dirisha la kilengeo: sehemu ya kioo ambayo mlengaji hutazama kupitia kwayo.

7. Hitimisho

Msomaji ataona kwamba orodha yetu haikuwekwa katika safu mbili, neno la kigeni upande wa kushoto na la Kiswahili upande wa kulia. Tumefanya hivyo kwa makusudi. Safu mbili humfaa anayejua kitu tayari, ambaye anatafuta jina tu. Hakimu, karani, mwandishi wa habari na kijana anayeanza mafunzo hawakijui kitu. Wao huhitaji fasili, na fasili ndiyo inayoamua ubishi pale jina linaposhindwa. Tumekwisha kukiri kwamba "kilengeo cha nukta", kwa jina tupu, hakisemi nukta iko wapi. Fasili yake ndiyo inayosema "mlengaji peke yake". Maneno matatu hayo, yakiwa mezani mwa hakimu, yatatosha kumwokoa shahidi mkweli asiitwe mwongo.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa wenzetu walioko katika kamati za istilahi ni kwamba, katika fani zote zinazogusa usalama wa watu, kama vile silaha, dawa, umeme na usafiri, istilahi isipitishwe pasipo fasili yake, na fasili isiandikwe na mtu ambaye hajakiona kifaa kikifanya kazi. Wasomaji wetu walio katika majeshi, mahakama, forodha na vyama vya kulenga shabaha wanaombwa watuletee maoni yao, hasa wakiwa na neno lililokwisha kuota mizizi vinywani mwa watu kuliko haya tuliyoyataja. Neno zuri la mtumiaji lina haki ya kulitangulia neno zuri la ofisini, mradi tu liseme nukta iko wapi.